Kitabu Kinachokuja Kila Mwaka

Mwaka 2025 Tuzo ya Caine ya Uandishi wa Kiafrika haikuita hadithi mpya. Ilikuwa imetimiza robo karne tangu itolewe mara ya kwanza, Harare mwaka 2000, na waandalizi wakaamua kuwarudia washindi wa miaka yote hiyo na kumteua mmoja wao. Jopo liliongozwa na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobeli ya Fasihi ya 2021. Hadithi iliyochaguliwa ni "Hitting Budapest" ya NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe, ambayo ilishinda mara ya kwanza mwaka 2011. Ni kisa cha watoto wenye njaa wanaotoka kwenye mtaa wao wa vibanda kwenda kuiba mapera katika mtaa wa matajiri.

Habari hizo zilipofika Mombasa, mwanafunzi wa zamani wa mwandishi wa makala haya alimpigia simu. Siku hizi naye anafundisha shule ya upili. "Mwalimu, shikamoo. Hadithi hizi ziko wapi kwa Kiswahili? Nataka kuwasomea watoto wangu darasani." Mwalimu, na ndivyo anavyoitwa mpaka leo ijapokuwa aliacha chaki zamani, hakuwa na kitabu cha kumwelekeza. Simu ilipokatika alifungua kabati, akaishusha mikusanyiko yake ya Caine na kuipanga mezani kufuata miaka. Kila jalada lilimkumbusha mahali alipokuwa.

Wa kwanza kuununua ulikuwa *Jambula Tree and Other Stories*, mkusanyiko wa nane, uliotoka 2008. Aliuokota kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na Mwembe Tayari, pembe za jalada zimekunjika, jina la mwenyewe wa kwanza limefutwa kwa kalamu. Alivutwa na jina la Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kuipata tuzo hiyo, mwaka 2007. Hadithi yake inahusu mapenzi ya wasichana wawili majirani mjini Kampala na macho ya mtaa mzima yanayowaandama. Muongo mmoja baadaye ndiyo iliyozaa filamu ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Mwalimu aliisoma ndani ya matatu, akapitiliza kituo chake.

Lakini kilichomshika zaidi ni kurasa zilizofuata. Tuzo ya Caine imepewa jina la Sir Michael Caine, si yule mwigizaji wa sinema bali mwenyekiti wa kampuni ya Booker aliyeisimamia Tuzo ya Booker kwa karibu miaka 25. Hadithi huletwa na wachapishaji wake, ikiwa na maneno kati ya 3,000 na 10,000. Tano huingia fainali, na moja humpatia mwandishi wake pauni 10,000. Mkusanyiko wa mwaka, hata hivyo, hauishii kwenye tano hizo. Kwa miaka mingi waandalizi walikuwa wakiwakusanya waandishi wapatao kumi na wawili katika nchi moja ya Afrika, wakakaa pamoja siku kama kumi, kila mmoja akaandika hadithi moja, na hadithi hizo zikaingia kitabuni bega kwa bega na za waliofika fainali. Mwaka 2013 walikutana Uganda, 2015 Ghana, 2017 Bagamoyo, 2018 Rwanda. Mkusanyiko uliotokana na kambi ya Bagamoyo ulibeba jina la hadithi ya Mtanzania, Lydia Kasese: *The Goddess of Mtwara and Other Stories*. Hakuna Mtanzania aliyewahi kushinda tuzo yenyewe. Kitabu kile, walakini, kilipeleka jina la Mtwara mpaka kwenye maduka ya vitabu ya London na Lagos.

Hilo ndilo lililomkaa mwalimu tangu siku ile ya matatu. Zawadi humwendea mtu mmoja, naye akapigwa picha. Kitabu humchukua mshindi na watu ambao bado hawajashinda chochote, kikawaweka kwa msomaji asiyejua nani alipata nini. Mara nyingi hadithi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya mshindi.

Wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili katika kidato cha tatu na cha nne, na hadithi fupi ilikuwa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Kenya na Tanzania zinatofautiana hapa. Mtahiniwa wa Tanzania wa kidato cha nne huenda kwenye mtihani wa Kiswahili na riwaya, tamthilia na mashairi. Wa Kenya hubeba riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi. Kwa hiyo vijana wa Kenya wa miaka hii wote wamepita mikononi mwa *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine*, au *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, au *Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine*. Pengine hakuna kundi kubwa la wasomaji wa hadithi fupi za Kiswahili popote duniani kuliko wanafunzi hao.

Namna wanavyozisoma ilimsumbua. Kitabu teule kilipofika, mwongozo wake ulikuwa umeshatangulia. Mwanafunzi alijua maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi kabla hajajua kisa kinaanzaje. Ukimuuliza, "Ulipofika pale alipofukuzwa, ulihisi nini?", alikujibu kwa sauti ya mtihani: eleza muktadha wa dondoo hili. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefundishwa kwamba hadithi ni mzigo unaofunguliwa ili kuhesabu kilichomo.

Ijumaa moja, vipindi vikiwa vimekwisha, aliwabakisha waliotaka kubaki. Alikuwa na *To See the Mountain*, mkusanyiko wa 2011, na ndani yake "Hitting Budapest". Aliisoma kwa Kiswahili papo kwa papo, jicho kwenye Kiingereza na ulimi kwenye Kiswahili cha Mombasa. Hakukuwa na mwongozo wa kuegemea. Walipofika kwenye mapera, mabishano yakazuka kama watoto wale ni wezi. Msichana mmoja alisema hapana, mwenye njaa haibi, anakula. Mvulana wa nyuma akamjibu kwamba mama yake huuza matunda barabarani, na kila embe linalopotea ni chakula cha jioni chao. Darasa likanyamaza, kisha likaanza upya kwa nguvu zaidi. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii itakuja kwenye mtihani?" Haitakuja, akaambiwa. Hakuna aliyeondoka.

Hadithi ile ilikuwa imeandikwa juzi tu, na mtu aliye hai, kuhusu watoto wa umri wa wadogo zao. Mkusanyiko wa kila mwaka humpa msomaji jambo hilo ambalo kitabu teule hakiwezi kumpa, hata kikiwa kizuri namna gani. Kitabu teule hukaa madarasani miaka minne au mitano. Ndani ya muda huo kizazi kizima cha waandishi huanza kuandika na kukata tamaa.

Baadaye aliacha ualimu, akaajiriwa kuwa mhariri katika shirika moja la uchapishaji. Muswada wa hadithi fupi ulifika kutoka Lamu, umeandikwa kwa Kiswahili kilichokomaa, na hadithi mbili kati yake zilikuwa za kiwango cha juu kabisa. Aliupeleka kikaoni. Mtu wa mauzo aliusikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo mwalimu angelisikia tena na tena katika miaka iliyofuata: "Kama si kitabu teule, tutamuuzia nani?" Muswada ukarudishwa.

Swali lile lilikuwa la haki. Kitabu kilichoidhinishwa kwa ajili ya shule hununuliwa na mamia ya maelfu ya familia. Kisichoidhinishwa husubiri mnunuzi mmoja mmoja. Na ni lazima isemwe kwamba njia ya shule imetuletea mema. *Tumbo Lisiloshiba*, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, uliwapa wanafunzi wa Turkana na Kisii hadithi za Said Ahmed Mohamed, Ken Walibora na Mohammed Khelef Ghassani, na bahari ya Zanzibar ikafika bara kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba mlango ni huo mmoja. Anayechagua hadithi kwa ajili ya mtihani huwaza umri wa msomaji, wazazi, na maswali yanayoweza kutungwa. Ni kazi ya lazima, lakini si kazi ya kutafuta hadithi bora iliyoandikwa mwaka huu.

Kisha likaja lile shindano.

Taasisi moja ya Pwani ilitangaza shindano la hadithi fupi za Kiswahili, na mwalimu akaombwa kuwa mmoja wa wasomaji wa awali. Hadithi zilikuja kwa bahasha na kwa barua pepe, lakini nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za fulskepu, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Zilitoka Kwale, Malindi, Taveta, na chache kutoka Tanga. Nyingi zilifunguliwa na jua linalochomoza na kufungwa na funzo, kwa kuwa ndivyo watungaji walivyofundishwa insha. Katikati ya rundo hilo ndipo zilipojitokeza kazi zilizomfanya aweke kikombe chini. Moja ilikuwa ya mama muuza viazi karai kivukoni Likoni. Anawakopesha abiria asiowajua, na deni la kila mmoja analiandika ukutani kwa mkaa, kwa alama, maana hajui kusoma. Manispaa inakuja kupaka ukuta rangi. Basi, ni hayo tu, na mwandishi wake, binti aliyekuwa ametoka shule karibuni, aliyaandika kwa utulivu wa mtu aliyeandika miaka thelathini.

Alishika nafasi ya tatu. Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa hoteli, hundi ya mfano ikainuliwa juu, picha zikapigwa, mgeni rasmi akaahidi kwamba hadithi kumi bora zingechapishwa. Hazikuchapishwa. Fedha zilikuwa zimetengewa zawadi na ukumbi, na hakuna aliyepanga gharama za mhariri, mpangaji kurasa na mpiga chapa. Mwaka uliofuata shindano halikuwapo.

Muda mrefu baadaye yule binti alimtafuta mwalimu. Hakutaka fedha. Alitaka karatasi zake, kwa sababu nakala aliyoipeleka ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Mwalimu alikwenda katika ofisi ile. Walikuwa wamehama jengo, na makasha yaliyobaki nyuma yalikuwa yametupwa. Kisa anakijua, anaweza kukisimulia popote, na hapa amekisimulia. Sentensi zenyewe ndizo zilizopotea, na hadithi fupi ni sentensi zake.

Tangu siku hiyo, kila anaposikia tuzo mpya ya fasihi imetangazwa, jambo la kwanza analolitazama ni kama kuna kitabu mwisho wake. Linganisha na mambo yalivyokwenda kwingine. Okwiri Oduor wa Kenya alishinda Caine mwaka 2014 kwa hadithi ya "My Father's Head". Hadithi hiyo ilikuwa imetoka katika *Feast, Famine and Potluck*, mkusanyiko wa shirika la Short Story Day Africa la Afrika Kusini. Na Efemia Chela, aliyekuwa naye fainali mwaka ule, alitoka katika kitabu hicho hicho. Idza Luhumyo, mzaliwa wa Mombasa, alishinda mwaka 2022 kwa "Five Years Next Sunday", iliyotoka katika *Disruption*, mkusanyiko mwingine wa shirika lile lile. Arac de Nyeko mwenyewe alitokea katika *African Love Stories*, kitabu alichokihariri Ama Ata Aidoo. Binyavanga Wainaina aliposhinda mwaka 2002 alirudi Nairobi na kushirikiana na wenzake kuanzisha *Kwani?*, na katika jarida hilo ndimo ilimotoka "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyochukua tuzo mwaka 2003. Wakenya watano wameshinda Caine mpaka sasa, na nyuma ya karibu kila mmoja unakuta mhariri aliyekusanya hadithi na kuzichapa kabla jopo lolote halijakaa. Marekani wana desturi ya namna hii ya zaidi ya karne moja: *The Best American Short Stories* unatoka tangu 1915, na mikusanyiko ya Tuzo ya O. Henry ilianza 1919.

Tuzo ya Caine imelaumiwa, na lawama nyingine ni nzito. Helon Habila, mshindi wa 2001, alipokihakiki kitabu cha Bulawayo mwaka 2013, alieleza wasiwasi kwamba umezuka mtindo wa kuandika Afrika ya dhiki tupu kwa ajili ya majaji wa mbali. Binyavanga naye alikuja kusema kwamba Waafrika wanaipa tuzo ya Uingereza uzito kupita kiasi huku wakiyapuuza majarida yao wenyewe. Mwalimu anakubaliana na Binyavanga kwa moyo wote. Lakini katika mikusanyiko iliyo mezani kwake amekuta pia roboti, mizimu, ndoa za kuchekesha, na mwanamke mwenye mvua kichwani.

Huyo wa mvua ni Pili wa Luhumyo. Nywele zake zina uwezo wa kuita mvua, jamaa na majirani wanamwogopa, mpaka anapokutana na mgeni ambaye nia yake kwa nywele hizo si njema. Mwaka ule wa ushindi, kikundi cha kina mama huko Kilifi kilimwalika mwalimu aje kuwasomea. Alifanya kama alivyofanya darasani, akaigeuza kwa Kiswahili akisoma. Kina mama walianza kuchangia kabla hajamaliza. Bibi mmoja wa Kigiriama, aliyekuwa amekaa mkekani kimya muda wote, akauliza, "Mwanangu, huyu aliyeandika ni wa kwa nani?" Akaambiwa ni binti wa Mombasa. Akatikisa kichwa, kisha akasimulia jinsi wazee walivyokuwa wakienda kwenye msitu mtakatifu wa kaya kuomba mvua, nani aliruhusiwa kuingia na nani hakuruhusiwa, na mwaka ambao mvua iligoma. Alizungumza muda mrefu kuliko hadithi yenyewe. Mwisho akaomba aachiwe kitabu, mjukuu wake awe anamsomea jioni.

Kitabu kilikuwepo, kimetoka kwenye mkoba muda huo huo. Mjukuu alikuwa darasa la tano, na kitabu ni cha Kiingereza.

Hapo ndipo swali la yule mwalimu kijana aliyepiga simu linapouma. Sheria za Caine zinaruhusu hadithi iliyotafsiriwa, na mwaka 2017 aliyeshinda ni Bushra al-Fadil wa Sudan, aliyeandika kwa Kiarabu. Zawadi akagawana na mfasiri wake, Max Shmookler. Mlango uko wazi, basi. Ila hadithi ya Kiswahili, ili ifike mlangoni, inatakiwa kwanza ionwe na mtu atakayeitafsiri, na mfasiri hawezi kuona kilichomo katika makasha ya ofisi iliyohama. Hakuna hadithi ya Kiswahili iliyowahi kushinda.

Hatua moja kubwa imeshapigwa. Mwaka 2014 Lizzy Attree, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiendesha Tuzo ya Caine, na Mukoma wa Ngugi, aliyefika fainali ya tuzo hiyo mwaka 2009, walianzisha Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Zawadi zake kwa jumla zilikuwa dola 15,000 ilipoanzishwa. Miongoni mwa washindi wa mwaka wa kwanza, 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya *Penzi la Damu* na Ghassani, yule yule wa *Tumbo Lisiloshiba*, kwa diwani ya *N'na Kwetu*. Ni tuzo inayojua kwamba kazi haiishi ukumbini, maana miswada inayoshinda hutafutiwa mchapishaji. Lakini imekusudiwa miswada mizima, ya riwaya hasa na diwani za mashairi. Mtu kama yule binti, mwenye hadithi moja ya kurasa kumi na mbili, hana pa kuipeleka.

Mwalimu ana maoni yake kuhusu kitabu kinachohitajika, na haogopi gharama kwa sababu ameshazifanyia kazi. Waandalizi wa Caine walikuwa wakiwapa wachapishaji wa nchi za Kiafrika faili iliyokwisha kupangwa kurasa, bila malipo, kila mmoja akachapa nakala anazoweza kuuza kwake. Utaratibu huo unafaa sana kwa Kiswahili: uhariri ufanywe mara moja, kisha Nairobi wachape zao, Dar es Salaam zao, Zanzibar na Bujumbura zao, bila kusafirisha makasha mipakani. Hadithi kumi na mbili zingetosha kuanzia. Zitoke kwenye majarida, redioni, mashindano ya shule na vyuo, na nafasi chache ziachiwe wasiowahi kuchapishwa. Kimvita kikae humo na Kiunguja, na Kiswahili cha Lubumbashi pia, bila kusawazishwa mpaka kikapoteza ladha. Waandishi walipwe, hata kama ni kidogo. Na nakala ya kila hadithi iliyotumwa, iliyoshinda na isiyoshinda, ihifadhiwe.

Ameshazungumza na wachapishaji wawili, mmoja wa huku Pwani na mmoja wa Dar es Salaam. Wote wawili walichangamkia toleo la kwanza, wakaanza kutaja uzinduzi, mgeni rasmi na jalada. Yeye aliwauliza kuhusu toleo la pili: nani atalihariri, fedha zake zitatoka wapi, na litatoka mwezi gani. Wa Dar es Salaam ameomba muda akafanye hesabu.